MNYAUKO WA PANAMA: Kabla hujabeba mche wa mgomba kwenye basi, soma hapa kwanza



Ndani ya wiki mbili nimeulizwa swali lilelile na watu watatu: "Kaka, migomba yangu inakauka kuanzia majani ya chini, nipulizie dawa gani?" Mmoja ni mshkaji mwenye nusu eka Kibaha, alinunua miche kutoka kwa jamaa aliyeileta na basi. Wa pili anasimamia kihamba cha mzee wake Marangu. Wa tatu ni dada yetu mmoja wa Bukoba vijijini, yeye kibanja ni cha bibi. Badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niyaweke yote hapa, mtu akiingia kafe achapishe akampelekee mzee nyumbani. Ni ndefu kidogo, lakini ukilipia nusu saa utaimaliza na dakika za kucheki imeili zitabaki.

Jibu la swali lenyewe ni fupi: HAKUNA DAWA. Kama ni mnyauko wa Panama, au mnyauko fuzari kama wataalamu wanavyouita, hakuna cha kupulizia, hakuna cha kumwagia shinani, hakuna majivu wala mkojo wa ng'ombe wala kitunguu saumu kitakachouponya huo mgomba. Kuna watu kwenye makundi ya WhatsApp wanauza chupa za "tiba ya mnyauko". Pesa yako hiyo, lakini mimi nimeshasema.

Kinachowezekana ni kuuzuia usifike shambani kwako, au ukishafika, usitoke hapo ulipo. Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu huyu mdudu hana miguu wala mabawa. Anabebwa. Na mbebaji mkubwa ni sisi wenyewe.

Tumjue kwanza. Ni fangasi wa udongoni, jina lake la kisayansi Fusarium oxysporum, ile jamii yake inayoshambulia migomba. Anaingia kwa mizizi, anapanda ndani ya mirija inayopeleka maji juu, mirija inaziba. Mgomba unakufa kwa kiu hata kama mvua imenyesha jana usiku, ndo maana kuongeza maji hakusaidii kitu. Mgomba ukishakufa, yeye hafi nao. Anaacha kwenye udongo chembe zenye ganda gumu ambazo zinaweza kukaa miaka 20 na zaidi zikisubiri mzizi mwingine upite karibu. Tena anaweza kujihifadhi kwenye mizizi ya baadhi ya magugu bila gugu lenyewe kuonyesha dalili yoyote. Kwa hiyo ile ya "nitapumzisha shamba misimu miwili halafu napanda tena" ni kujidanganya. Amerika ya Kati makampuni ya ndizi yalifikia hatua ya kufurisha mashamba kwa maji miezi kadhaa ili wamzamishe. Walipopanda upya, akarudi.

Jina la Panama nalo ni la kubandikwa. Ugonjwa uliandikwa kwa mara ya kwanza Australia, karibu na Brisbane, mwaka 1876. Ila ulipata umaarufu kule Panama na nchi jirani, ulipoanza kumaliza mashamba makubwa ya ndizi za kusafirisha nje. Ndizi ya biashara wakati huo ilikuwa Gros Michel, hii ambayo Waganda wanaiita bogoya. Ilikuwa nene, tamu, ngozi ngumu, inavumilia safari ya meli. Kufikia miaka ya 1960 biashara yake ilikuwa imekwisha, makampuni yakahamia Cavendish, ndizi zile ndefu unazoziona supermarket dunia nzima. Waliichagua Cavendish si kwa utamu (wazee waliokula zote mbili watakuambia) bali kwa sababu fangasi yule alikuwa haiwezi.

Sasa huyu fangasi ana aina zake. Iliyoua Gros Michel inaitwa aina ya 1, na huku Afrika Mashariki ipo tangu enzi za mkoloni. Inapenda bogoya, ndizi sukari, kisubi, kayinja na mchare. Matoke zetu za nyanda za juu, zile za kupika za Kagera na Uganda, huwa zinaivumilia.

Hapo dada wa Bukoba ndipo nilipomwelewa. Aliniambia kitu cha ajabu: kibanja ni kimoja, udongo ni mmoja, migomba ya kisubi inakufa mmoja baada ya mwingine lakini matoke zilizo hatua mbili pembeni ziko kijani kabisa, na majirani wameshaanza maneno ya mkono wa mtu. Jamani, huo si mkono wa mtu. Hiyo picha, kisubi chini na matoke wima, ndiyo alama kubwa ya aina ya 1. Na matoke kusimama haimaanishi udongo ni salama. Udongo una ugonjwa tayari, na ukichukua jembe lenye tope la hapo ukaenda kulimia kwenye ndizi sukari za shangazi, umempelekea.

Kuna aina nyingine mbaya zaidi, inaitwa TR4. Hii inaua Cavendish yenyewe, na inaua pia nyingi ya zile zinazouawa na aina ya 1. Ilisumbua Asia ya Kusini-Mashariki tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 ilithibitishwa Afrika kwa mara ya kwanza, na si mbali: jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye shamba kubwa la ndizi za kuuza nje. Ndani ya miaka michache mamia ya maelfu ya migomba yalikuwa yameng'olewa au kufa, na ugonjwa ukaonekana kwenye shamba lingine kubwa kaskazini hukohuko. Mwaka 2019 ikagundulika Mayotte, baadaye Ngazija. Mwaka huohuo wa 2019 ikatua Kolombia, serikali kule ikatangaza hali ya dharura. Angalia ramani: kutoka Nampula ukipanda kaskazini unapita Cabo Delgado, unafika mto Ruvuma, ng'ambo ni Mtwara. Na Ngazija ina majahazi na ndugu huku kwetu kila siku. Sisemi haya ili mtu asilale, nasema ili mtu akikuomba umletee "mche mzuri wa kule" ujue unaombwa nini.

DALILI. Hapa naomba utulivu kidogo kwa sababu watu wengi wanachanganya na mnyauko wa bakteria, ule watu wa Kagera wanaouita unyanjano. Ni magonjwa mawili tofauti na namna ya kupambana nayo inatofautiana.

Kwenye Panama, majani ya chini, yaani yale ya zamani, ndiyo yanaanza. Njano inaanzia pembeni mwa jani inaingia ndani, kisha jani linavunjika shingo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Yanafuata ya juu. Mara nyingi shina linapasuka kwa chini, karibu na ardhi. Ukilikata shina kwa upana utaona nyuzi au duara za rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na tunguu la ardhini lina madoa ya rangi hiyohiyo. Ndizi kwa ndani haziozi. Zinaweza kuwa ndogo na zisizokomaa, lakini ukizikata ni nyeupe kawaida.

Kwenye unyanjano mambo yanaanza popote, hata jani changa linaweza kunyauka la kwanza. Ua dume linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati tena bila mpangilio, ukizikata ndani zimekuwa za kahawia. Ukikata shina, ukasubiri kidogo, unatoka usaha wa njano. Kuna kipimo cha bure: kata kipande kidogo cha shina, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Kama ni bakteria utaona uzi mweupe mweupe kama wa maziwa ukishuka kwenye maji. Fangasi hafanyi hivyo.

Unyanjano uliingia Uganda 2001 na Kagera 2006, na unasambazwa sana na wadudu wanaotembelea ua dume pamoja na panga la kupogolea. Ndiyo maana kule wanafundishwa kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya kukata. Hiyo ni nzuri na endeleeni nayo, lakini kwa Panama haisaidii maana Panama inaingilia mizizini. Vilevile kuna watu watakuambia "chovya mche kwenye maji ya moto". Maji ya moto na kumenya tunguu ni kwa ajili ya fukusi na minyoo ya mizizi. Fangasi aliyeko ndani ya mirija hutamtoa kwa sufuria.

Halafu angalizo: ukishamaliza kukata shina kuangalia rangi, hilo panga lako sasa ni hatari. Usiondoke nalo hivyo kwenda mgomba wa pili. Nakuja huko.

Sasa, anasafiri vipi? Namba moja, mbali na wengine wote, ni MCHE. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo vijana wengi tunapoingia. Mtu kapata kiwanja Kibaha au Bagamoyo, kasoma mtandaoni kwamba ndizi zinalipa, anapiga simu nyumbani: "Mama, nitumie miche ya mchare kwenye basi." Mama anang'oa chipukizi thelathini, anafunga kwenye kiroba, tope na yote. Kwetu mche wa mgomba haukataliwi. Jirani akikuomba unampa, mkwe akija anaondoka nao, na kunyimana kunaonekana uchoyo. Ni desturi nzuri ambayo imelisha vizazi, na ndiyo hiyohiyo inayomtembeza huyu fangasi kutoka kihamba hadi kihamba.

Tatizo ni kwamba mche mgonjwa haujitangazi. Dalili zinaweza kuchukua wiki hadi miezi kutokea. Mgomba mama unaweza kuwa na ugonjwa na chipukizi lake likaonekana limenona, jani limesimama, kila kitu safi. Kuuangalia kwa macho haitoshi, hata kama anayeangalia ana miaka hamsini ya kulima. Mshkaji wa Kibaha aliniambia aliichagua mwenyewe mche mmoja mmoja. Namwamini kabisa.

Njia salama ni miche ya maabara, ile wengine wanaita miche ya chupa au ya tishu. Inakuzwa kutoka kwenye kipande kidogo sana cha mgomba uliokaguliwa, ndani ya chupa safi bila udongo. Kwa fangasi huyu ndiyo kinga bora tuliyonayo. Bei yake inauma ukilinganisha na mche wa bure wa mama, najua. Lakini usiishie hapo, muulize muuzaji maswali. Ikitoka kwenye chupa inahamishiwa kwenye viriba vyenye udongo: udongo huo umetoka wapi, umechemshwa au kuchomwa? Viriba vimekaa juu ya meza au chini ardhini? Maji ya kumwagilia ni ya bomba, kisima, au mfereji unaopita kwenye migomba ya watu? Mche wa maabara ukiwa mchanga una mizizi laini, ukikutana na udongo mchafu unaugua haraka kuliko hata wa kung'oa. Muuzaji anayekasirika ukimuuliza hayo, muage tu. Na jambo la wazi ambalo watu wanalisahau: mche safi ukiupanda mahali palipokufa mgomba kwa Panama, utakufa pia.

Kama huna uwezo wa miche ya maabara, basi chukua ndani ya shamba lako mwenyewe kama halijawahi kuonyesha ugonjwa. Usivuke mpaka wa shamba. Mpaka wa nchi ndiyo kabisa, huko kuna sheria, unatakiwa kibali cha kuingiza na cheti cha usafi wa mimea, na mche uliofichwa chini ya kiti cha basi pale Mutukula hauna hata kimoja.

Namba mbili ni TOPE. Kiatu, jembe, panga, tairi la bodaboda, tairi la Fuso ya mnunuzi. Chembe ni ndogo kiasi kwamba tope la kwenye soli linatosha. Wanunuzi wa jumla wanazunguka mashamba mengi kwa siku moja na wanaingia hadi katikati ya migomba. Waambie kwa heshima, mzigo unapakiwa barabarani. Mwanzoni watanung'unika, baadaye watazoea, ndizi wanazihitaji. Weka jembe na panga vya hapo hapo shambani, visitoke, na kibarua asije na vya kwake kutoka kwa mwingine.

Kuosha: kwanza toa tope lote kwa brashi na maji ya sabuni, HALAFU ndiyo uweke dawa. Wengi wanafanya kinyume, wanachovya buti lenye tope kwenye Jik na kutembea zao. Jik ikikutana na udongo inapoteza nguvu palepale, kwa hiyo umechovya kwenye maji ya harufu tu. Kule Australia wanatumia zaidi dawa za jamii ya amonia zinazovumilia uchafu kidogo kuliko Jik. Baadhi ya dawa za kuoshea mabanda ya kuku zimo kwenye kundi hilo, soma lebo au muulize bwana shamba. Panga unaweza pia kulipitisha kwenye moto hadi chuma kiwe cha moto kweli.

Namba tatu ni maji. Ndugu wa Marangu, hii ni yako. Mfereji ukipita kwa jirani wa juu mwenye migomba inayokufa, unakuletea udongo wake. Chimba kingamaji upande wa juu, mvua kubwa isiteremshe tope la kwake kwako, na ule mfereji ongeeni kama ukoo, maana huwezi kuuhamisha peke yako.

Kitu cha mwisho ambacho hakisemwi sana: majani makavu. Ndizi zikija sokoni zinafunikwa na kutandikiwa majani ya mgomba ya kule zilikotoka, yanatupwa pale nyuma ya soko, na kuna watu wanayazoa kwenda kuweka matandazo au mboji. Usifanye hivyo.

Haya, na kama umeshaukuta shambani? Kwanza usiung'oe na kuuburuta. Kila mtu anataka kuung'oa kwa hasira, na ukiuburuta hadi kwenye jalala umepanda ugonjwa njia nzima. Uue pale pale uliposimama. Wanaoweza wanauchoma sindano ya dawa ya magugu ndani ya shina, pamoja na machipukizi yote ya shina hilo, unakauka hapo. Usimpe mbuzi wala ng'ombe majani yake, usitengeneze mboji, usikate majani ya kufungia kitu. Zungushia uzio, hata wa miti, na kuwe mbali kidogo na mgomba wenyewe maana migomba ya jirani yake inaweza kuwa imeshaambukizwa bila kuonyesha. Watu, kuku na mbuzi wasipite. Ndani ya uzio usilime, usipalilie kwa jembe. Udongo wenye tindikali nyingi unampa fangasi nafuu, kwa hiyo chokaa ya kilimo inaweza kupunguza makali shambani kwingine, lakini kupunguza siyo kuponya.

Na ndizi zenyewe? Zinaliwa bila tatizo, fangasi huyu hamdhuru binadamu. Kinachotakiwa ni tope na mabua ya mahali pale visitoke.

Kama mtu anadhani haya ni makali mno kwa mgomba mmoja, aangalie Tully, Queensland, Australia. Mwaka 2015 TR4 ilipatikana kwenye shamba moja pale, katikati ya eneo linalolima ndizi nyingi kuliko lote nchini humo. Wakafunga uzio, hata nguruwe pori wasipite kubeba tope. Mwaka 2016 wakulima wenzake, kupitia chama chao, wakalinunua lile shamba na kulifunga moja kwa moja. Yaani walitoa pesa ili shamba LISILIMWE. Ugonjwa haukwisha, mashamba mengine machache yalikutwa nao miaka iliyofuata, lakini ulitembea polepole, na ndizi za Queensland bado zinauzwa. Linganisha na Nampula.

Kuhusu mbegu zinazostahimili: zipo na zinakuja. Taiwan walichagua Cavendish zinazovumilia TR4 kwa kiasi. Australia iliidhinisha mwaka 2024 Cavendish iliyobadilishwa vinasaba, QCAV-4. Huku kwetu watafiti wa IITA na TARI wanafanya kazi ya kuboresha mchare na matoke. Kwa mkulima wa leo mwenye aina ya 1 shambani, njia ya haraka ni kuacha kupanda kisubi au ndizi sukari kwenye eneo hilo na kuweka matoke au zao lingine kabisa. Dada wa Bukoba, mwambie bibi hivyo. Najua rubisi ya kisubi ina wenyewe, lakini pale pameshakataa.

Ukiwa na wasiwasi, hasa ukiona Cavendish inanyauka kwa dalili nilizotaja, hilo ni la kuripoti siku hiyohiyo, maana aina ya 1 kwa kawaida haiigusi Cavendish. Anza na afisa ugani wa kata. Tanzania mamlaka husika ni TPHPA, makao yake Arusha, na kwa utafiti wa ndizi kuna TARI Maruku pale Bukoba na TARI Tengeru. Kenya ni KEPHIS, Uganda NARO pale Kawanda. Usiwapelekee kipande cha shina kwenye mfuko wa rambo kwa basi! Piga picha za majani, shina lililopasuka na ile rangi ya ndani, tuma picha, wao waje kuchukua sampuli. Wakati unasubiri, funga kamba kuzunguka sehemu hiyo, acha buti na panga ulivyotumia vibaki palepale ndani ya kamba, na simamisha kutoa miche kwa mtu yeyote, hata mkwe.